Singapore hadi New York: kilomita na saa za safari

Ndugu, umeuliza ni kilomita ngapi kutoka uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, hadi ule wa JFK, New York, na kwa nini tiketi yako inaonyesha kana kwamba safari ni ya saa tano na nusu tu.

Umbali wa mstari mfupi kabisa ni kama kilomita 15,300. Usiupime kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili: utaona unapanda kaskazini na kupita karibu na ncha ya dunia! Hata hivyo rubani mara nyingi hupitia juu ya Pasifiki, kilomita zikiongezeka, ili upepo mkali unaovuma kuelekea mashariki umsukume.

Ndege hukata kama kilomita 900 kwa saa. Kwa hesabu hiyo ni saa 17, ila kuna kupaa, kushuka na kuzunguka, kwa hiyo weka 18 na nusu.

Sasa hiyo tiketi. Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Singapore kwa saa 13. Ukiondoka saa sita usiku, unatua saa kumi na moja na nusu alfajiri siku ileile. Saa za kwenye tiketi ni za kila mji, kwa hiyo usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika hivihivi.

Tafadhali, ukiwa angani inuka utembee kila baada ya muda. Miguu huvimba kweli kweli.