Kidonda cha mguu kisichopona: antibayotiki si jibu

Dada, umeuliza kwa nini mama amelazwa hapo Kisumu na kidonda juu ya kifundo, ana miezi minne ya antibayotiki, na hakifungi. Kidonda sugu hakikosi vijidudu. Ukipima usaha utavipata tu. Antibayotiki ni ya pale ngozi ya pembeni inapokuwa nyekundu, moto, inauma na wekundu unasambaa, au ana homa. Hapo apewe flukloksasilini (antibayotiki ya jamii ya penisilini) miligramu 500 mara nne kwa siku, siku 7, kama hana mzio wa penisilini. Zaidi ya hapo mnazalisha bure vijidudu sugu visivyosikia dawa.

Kama chanzo ni mishipa ya vena (inayorudisha damu moyoni), dawa kubwa ni bandeji ya kubana, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Lakini kwanza wapime presha ya kifundo wailinganishe na ya mkono. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikawa chini ya 0.8, damu haifiki vizuri mguuni, na kumbana kwa nguvu kunaweza kuua mguu.

Pentoksifilini, dawa ya kusaidia damu ipite vizuri, miligramu 400 mara tatu kwa siku, pamoja na chakula, husaidia juu ya bandeji. Hufanya kazi polepole na huchafua tumbo. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) amwambie daktari kwanza.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi wekeni kando, vinaunguza nyama changa. Osheni kwa maji safi ya vuguvugu.

Ulizeni pia kuhusu sukari, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (huku kwetu ziwani ni kawaida), na amlodipini, dawa ya presha ambayo huvimbisha miguu. Miezi minne? Waombeni wakate kipande cha ukingo wa kidonda kipimwe saratani.