Vizazi vya Corvette: usiishie kwenye namba, tazama taa na bampa

Mkuu, umeuliza utatofautishaje vizazi vya Corvette, gari la michezo la Chevrolet, kwa macho, na kama ni kweli zile za miaka ya 70 ni za kuachana nazo. Mimi ni fundi bodi hapa Kentucky, jimbo ambalo Corvette zinaundwa tangu 1981, na nyingi zimepita mikononi mwangu.

Namba za vizazi, C1 (cha kwanza) hadi C8 (cha nane), zinasaidia, ila zinaficha mengi. Chukua C1, 1953 hadi 1962. Zile 300 za mwanzo zilizotoka Flint, Michigan, zote nyeupe, viti vyekundu, injini ya silinda sita, mlango hauna kitasa cha nje wala kioo cha kupandisha. Mwaka 1956 sura ikabadilika, 1958 zikaja taa nne mbele. Kisha 1961 nyuma ikachongwa upya, mkato mkali na taa nne za duara. Mkato huo ndio uliorithiwa na C2, kwa hiyo ukisimama nyuma ya gari la 1962, nusu ya C2 umeshaiona.

C2, 1963 hadi 1967, kwangu ndiyo kilele. Wabunifu Bill Mitchell na Larry Shinoda walizificha taa za mbele, zikawa zinageuka puani. Ya 1963 ina uti unaogawa kioo cha nyuma vipande viwili. Mhandisi Zora Arkus-Duntov aliupinga kwa kuwa unamziba dereva, Mitchell akashikilia, na 1964 ukaondolewa. Kinachoniuma ni kwamba wapo waliokata uti huo wakaweka kioo kimoja ili gari lao lionekane jipya. Leo watu wanalipa pesa nyingi kwa ajili ya uti huohuo.

C4 (1984 hadi 1996) ni bapa na imenyooka. Za 1983 hazikuuzwa. Imebaki moja tu, ipo makumbusho ya Corvette mjini Bowling Green, hapa Kentucky. C5 ya 1997 ndiyo ya mwisho yenye taa za kujificha. C6 ya 2005 ikaziacha wazi, C7 ya 2014 ikaacha taa za duara nyuma, na C8 ya 2020 ikahamishia injini nyuma ya dereva, jambo ambalo Duntov alilipigania miaka mingi.

Sasa hizo za miaka ya 70. C3 (1968 hadi 1982) ni magari mawili ndani ya jina moja. Hadi 1972 bampa ni za kromu mbele na nyuma. Sheria ya Marekani ya bampa kustahimili kugongwa kwa mwendo mdogo ikaleta pua ya plastiki 1973, na nyuma ya plastiki 1974. Nguvu nazo zikashuka, injini ya kawaida ya 1975 ilikuwa na nguvu za farasi 165. Wanaoziponda wanaponda injini, na injini inatengenezeka. Shepu bado ni tamu.

Ukienda kukagua, bodi ya faibaglasi isikudanganye kwa kung'aa, maana chesisi chini yake ni chuma na inaoza. Lala chini uitazame. Kisha pitisha mkono ndani ya fenda, upapase ukanda uliogundishwa pale vipande vinapoungana. Usipoukuta, uliza gari liligongwa lini.

Kama mfuko haufiki 1972, tafuta ya 1973. Mbele plastiki, nyuma kromu, na mchanganyiko huo ulitoka mwaka huo tu.