Tovuti inapatikana, lakini inafikika?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nahariri tovuti ya halmashauri yetu mkoani Morogoro. Tumeagizwa kuongeza ukurasa unaoeleza jinsi tovuti inavyoweza kutumiwa na watu wote, wakiwamo wasioona na viziwi. Mimi nimeandika "Upatikanaji wa tovuti kwa walemavu". Mwenzangu amefuta "walemavu" akaweka "wenye mahitaji maalumu". Mkuu wetu anataka "ufikivu", neno ambalo nalisikia kama limetungwa jana. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba. Mkuu wenu yuko sahihi.

Tuanze na upatikanaji. Kinachopatikana ni kilichopo: sukari inapatikana dukani, daktari anapatikana saa mbili asubuhi. Tovuti yenu nayo inapatikana usiku na mchana. Lakini asiyeona akiifungua kwa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye simu au kompyuta, akakuta tangazo la ajira limebandikwa kama picha isiyo na maelezo, haambulii kitu. Tangazo lipo, ila kwake halifikiki. Mkiandika kwamba tovuti "inapatikana kwa wote" mtakuwa mmesema kweli huku huyu mmoja amebaki nje. Ufikiaji ni tendo la anayefikia, nalo linafaa mnapozungumzia watu: "ufikiaji wa huduma za afya umeongezeka". Sifa ya tovuti yenyewe ndiyo ufikivu.

Wala halikutungwa ovyo. Kiswahili hukitilia kitenzi -vu au -fu kikapata sifa: tulia, -tulivu, utulivu, sikia, -sikivu, usikivu. Wapo wanaolipinga wakisema kwamba kwa kanuni hiyo "-fikivu" angekuwa anayefika, si kinachofikiwa, kama msikivu alivyo anayesikia. Hoja hiyo ina uzito, lakini mwaminifu je? Ni mtu anayeaminika, na hatujawahi kulikataa neno hilo kwa sababu hiyo. Tumieni ufikivu bila wasiwasi. Ndani ya aya, hata hivyo, pendeleeni vitenzi: "fomu hii inajazika kwa kibodi pekee, bila kipanya". Mwananchi anayetafuta huduma ataelewa hivyo upesi zaidi.

Sasa "walemavu". Neno hili lina -vu ile ile: lemaa, -lemavu. Si tusi, na wapo wanaojiita hivyo wenyewe. Tatizo ni kwamba linamchukua mtu mzima, mwalimu au fundi au mama wa watoto, na kumfanya sifa moja tu. Ndiyo maana sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kenya, kwa Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Namna ya kumtaja mtu imewekwa kwenye katiba, kwa hiyo lisichukuliwe kuwa jambo la adabu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unakwenda mbali zaidi: unaeleza kwamba ulemavu hutokana na kukutana kwa hali ya mtu na vizuizi vilivyomo katika jamii. Ngazi zisizo na njia ya kiti mwendo ni kizuizi. Picha isiyo na maelezo ni kizuizi pia, na hicho mmekiweka ninyi.

Kwa sababu hiyo "mahitaji maalumu" siyakubali hapa. Shuleni yana kazi yake, pale mwanafunzi anapohitaji vitabu vya nukta nundu au mkalimani wa lugha ya alama. Lakini anayekuja kwenye tovuti yenu anataka kulipia leseni ya biashara. Haja hiyo ina umaalumu gani? Ni haja ya kila mfanyabiashara wa wilaya yenu. Kosa la namna hii nimeliona pia kwenye menyu za simu zilizoandika "zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia". Tatizo limebebeshwa mtu, na ambaye mikono yake inatetemeka hakutajwa kabisa.

Msivuke mpaka upande wa pili, mkaona haya kuandika "viziwi". Chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Jina wamelichagua wenyewe. Wasioona nao wana Chama cha Wasioona Tanzania. Fuateni wenyewe wanavyojitaja. Hoja kwamba ki- inamgeuza mtu kuwa kitu haisimami: kijana na kiongozi wana ki- hiyo hiyo, na sote twasema "kiziwi amefika". "Kilema" ndilo la kuacha, maana linataja dosari na kumwita mtu kwa hiyo dosari. "Bubu" pia liacheni mnapowataja viziwi: mtu mwenye lugha ya alama ana lugha kamili.

Kichwa kiwe "Ufikivu wa tovuti hii", basi. Chini yake elezeni yanayofanya kazi na yasiyofanya bado, na namba ya kupiga au kutumia ujumbe mfupi mtu akikwama. Viungo msiviite "bonyeza hapa". Anayetumia kisoma skrini huweza kuomba orodha ya viungo peke yake, akasikia "bonyeza hapa" mara kumi bila kujua vinaelekea wapi. Andikeni "Pakua fomu ya leseni ya biashara". Vifupisho vya "xaxa" na "cjui" visiwepo hata kwenye matangazo ya vijana. Programu huvitamka ovyo.

Jambo la mwisho halionekani kwa macho. Kila ukurasa unapaswa kubeba alama ya lugha ndani ya msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta yanayouunda, na kurasa nyingi za Kiswahili zimeachwa na alama ya Kiingereza, en. Kisoma skrini huifuata alama hiyo, kikasoma Kiswahili chenu chote kwa matamshi ya Kiingereza. Mwambieni fundi wa tovuti aibadilishe iwe sw.