Kwa nini serikali iingilie soko?
Ndugu, umeuliza serikali inatafuta nini sokoni ilhali bei hujipanga zenyewe. Hujipanga, ndiyo, ila hupima gharama za muuzaji na mnunuzi tu. Kiwanda kikimwaga maji machafu mtoni, bidhaa yake huwa rahisi kwa sababu anayelipa ni mvuvi wa huko chini, anayevuta wavu mtupu. Huyo hakuulizwa, na hilo linaniuma.

Gesi za klorofluorokaboni za majokofuni zilimomonyoa tabaka la ozoni, ngao ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, bila gharama hiyo kuonekana dukani. Mwaka 1987 serikali zikakubaliana mjini Montreal, Kanada, kuzipunguza, na viwanda vikahamia mbadala. Serikali nayo hukosea, hasa ikipanga bei kibabe, lakini kumtoza mchafuzi ni haki kabisa.