Kwa mnaotaka kuikimbia Law School mje mfanye uwakili Uingereza

Wadogo zangu, nawajibu wote kwa pamoja maana kila matokeo ya Law School, kile chuo cha Dar cha mafunzo ya uwakili, yakitoka meseji ni ileile, dada mimi LLB, shahada ya kwanza ya sheria, ninayo, si bora nije nipige masters London niwe wakili hukohuko kuliko kudisco, yani kufukuzwa kwa kufeli, pale Sam Nujoma? Nawaelewa kabisa. Mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, wengine sapu (kurudia mitihani), wengine wakadisco, mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Mtu akiona namba kama hizo lazima atafute njia nyingine, ila hiyo mnayoitaja haipo.

LLM, yani hiyo masters ya sheria, ya Uingereza haikufanyi wakili wa Uingereza, hata uisomee Oxford. Ukitaka kuwa solisita, wakili wa kawaida wa huku, unafanya mtihani unaitwa SQE (Solicitors Qualifying Examination), ulianza 2021, sehemu ya kwanza ni maswali 360 ya kuchagua jibu, siku mbili, kila siku 90 asubuhi na 90 mchana mbele ya kompyuta, dakika moja na nusu na ushee kwa swali. Sehemu ya pili ni vitendo, unamhoji mteja, unaandika barua, unaandaa nyaraka, unatetea hoja mbele ya mtu anayekaa kama jaji. Ada ya mitihani yote miwili inakaribia pauni 5,000 na hapo hujalipia kozi ya kujiandaa. Juu ya hapo wanataka miaka 2 ya kazi za kisheria, ISIPOKUWA kama tayari wewe ni wakili nchini kwenu. Hapo someni tena. Wakili aliyeapishwa Tanzania hadaiwi ile miaka 2, na akiwa na uzoefu wa kutosha anaweza kuomba asamehewe hata sehemu ya pili. Yani hiyo Law School mnayoikimbia ndo inayowapunguzia safari huku. California nao hivyohivyo, wakili wa nje anaweza kukaa mtihani wao bila kurudi chuo, mwenye LLB peke yake anaambiwa akasome kwanza.

Na sheria haisafiri vizuri, hilo watu hawasemi. Mikataba na madhara (kudai fidia kwa kuumizwa na uzembe wa mtu) mtaelewa haraka, ile kesi ya Donoghue v Stevenson ya 1932 ni ileile, na sheria yetu ya mikataba yenyewe Waingereza waliitoa India. Lakini njoo kwenye mirathi. Kwetu mtu akifa bila wosia swali la kwanza ni marehemu alikuwa nani, kabila gani, dini gani, aliishi maisha gani, maana kuna mila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna ile sheria ya mirathi ya India ya 1865, na ukoo unakaa kikao kumpendekeza msimamizi. Huku hayo hayaulizwi kabisa, mke aliyebaki anachukua vyombo vya ndani, pauni 322,000 za mwanzo na nusu ya kinachobaki, nusu nyingine ya watoto, basi. Tena hiyo ni England na Wales tu, Scotland wana yao. Kwani hata kwetu si hivyo, ukivuka na boti kwenda Zanzibar unakuta wana Mahakama Kuu yao na orodha yao ya mawakili.

Maisha sasa. Nilikuja nikiwa nimeshasimama Mahakama Kuu, nimeshaitwa wakili msomi, huku nikaanzia kwenye ofisi ndogo napanga mafaili na kuandika namba za kurasa, na kila intavyu wanauliza una uzoefu wa hapa? Mshahara wa mwanzo ukitoa kodi ya chumba, nauli na umeme hakibaki cha kutuma nyumbani, na nyumbani hawaamini. Kilichonipa nguvu ni wateja. Alikuja mama mmoja wa Bukavu, amepewa notisi ya kutolewa kwenye nyumba, ameishika wiki nzima haelewi imeandikwa nini, nilivyomsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari na kumwonyesha kwamba tarehe walizoweka hazikufuata sheria, alilia. Ile kazi naipenda sijutii kuifuata.

Aliyeuliza kama anaweza kuja na mke na mtoto, kwa masters ya kawaida ya darasani hapana, walifunga Januari 2024. Viza ya kubaki baada ya kumaliza ni miaka 2, na watakaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18, kwahiyo piga hesabu ya SQE ndani ya muda huo na ujue ukiisha unahitaji mwajiri wa kukudhamini, na ofisi ndogo nyingi hazitaki hizo gharama. Ukija kwa Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, unatakiwa urudi nyumbani miaka 2, usije na mpango wa kubaki.

Kama unachotaka ni kesi za kimataifa, mbona Arusha mnairuka? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko pale, Mahakama ya Afrika Mashariki iko pale, na mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa palepale mpaka 2015. Kuna watu wamejenga majina makubwa wakiwa Arusha.

Na wewe mwenye sapu mbili uliyesema umeshaanza kutafuta wakala wa vyuo, usimpe hela bado. Rudi kafanye hizo sapu, uapishwe, fanya kazi hata ofisi ya chini kabisa Kariakoo, na kila kesi uliyoshika iandike, tarehe, mahakama, ulifanya nini, maana huku ukiomba msamaha wa sehemu ya pili hayo ndo watakayokudai. Leseni ya uwakili ilipie kila mwaka. Ukifika hapo nitumie sivii yako nikuangalizie mwenyewe.