Losheni ya jua: nusu kilo ilitoka safi, ndoo nzima imekataa

SWALI: Shikamoo. Niko Arusha, Sakina, natengeneza losheni ya jua ya zinki oksaidi. Nikipiga nusu kilo inatoka laini kabisa, juzi nimepiga kilo kumi kwenye ndoo, fomula ile ile, imetoa chembechembe na baada ya wiki mafuta yamepanda juu. Kila kitu nilipima kwa mzani. Shida iko wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mzani wako hauna kosa, shida iko kwenye kupika na kuchanganya, na hili watu wengi hawaliamini mpaka liwakute.

Losheni ni matone ya mafuta yaliyotawanyika kwenye maji. Yakiwa madogo, mikroni chache tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), losheni inatulia, yakiwa makubwa yanaungana yanapanda juu, ndo hicho ulichokiona. Sasa blenda ya mkono kwenye nusu kilo inavuta mzigo wote unapita kwenye kisu mara nyingi, ila kwenye ndoo inakata pale karibu na kichwa chake tu, pembeni na chini kunazunguka bila kukatwa, na ukiongeza spidi ili kufidia unaingiza hewa, inajaa mapovu. Kama huna homojenaiza, ile mashine ya kukata matone yawe madogo, ya kutosha kilo kumi basi piga bechi ndogo ndogo, hakuna aibu.

Halafu joto. Mafuta yenye nta na maji vyote vifike kama nyuzi 75 ndo vikutane. Arusha mwezi wa saba, maji yakisubiri kidogo tu kwenye sufuria yameshashuka, ukiyakutanisha na mafuta nta inaganda palepale kabla emalsifaya, ile inayoshikanisha mafuta na maji, haijafanya kazi. Chembechembe zako nyingine zimetoka hapo. Ukishachanganya usiiache ndoo ipoe yenyewe maana pembeni inaganda katikati bado moto, koroga polepole mpaka ishuke chini ya 40, ndo uweke manukato, na prizavativu (dawa ya kuzuia losheni isioze) kama ni ile isiyovumilia moto. Pima uzito tena, maji yaliyotoka na mvuke uyarudishe.

Ila kinachoniuma zaidi ni zinki. Hujasema unaiwekaje, na wengi wanamwaga unga moja kwa moja kwenye losheni iliyokwisha kushikana, inatoa madonge kama ugali uliosongwa vibaya, tofauti ni kwamba haya ni madogo, ndani ya losheni huyaoni kwa macho. Donge likikaa kwenye ngozi, pembeni yake panabaki wazi na jua linapita hapo, kwa hiyo losheni mbili zenye asilimia ile ile ya zinki zinaweza kukinga tofauti kabisa. Saga zinki kwanza na sehemu ya mafuta yako mpaka iwe laini, viwandani wanaipitisha kwenye mashine ya roli tatu. Paka tone kwenye kipande cha kioo, kandamiza na kioo kingine, kielekeze dirishani uangalie: ukiona vidoti endelea kusaga. Na kama unatumia kaboma, ule unga unaofanya maji yawe ute, kuleta uzito achana nayo, ioni za zinki zinavunja ule ute wake, tumia gamu ya zanthani, nayo ni unga wa kuleta uzito. Asidi ya steariki, ile ya mafuta inayoganda kama nta, nayo inashikana na zinki, losheni inazidi kuwa nzito kadiri inavyokaa.

Nasisitiza haya kwa sababu huku kwetu wanunuzi wako wengine ni watu wenye ualbino. Hapa Moshi wanatengenezewa losheni yao maalum ya jua, Kilisun, na kwao losheni isiyokinga vizuri inaweza kuishia kwenye saratani ya ngozi. Kwa hiyo usiandike SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua) kwenye chupa kwa kuangalia asilimia ya zinki, namba hiyo inatoka maabara, losheni ikipakwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na kabla ya kuuza nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, usajili.

Hiyo ndoo usiichemshe upya ukauza, madonge ya zinki hayatoki kwa moto na kama prizavativu haivumilii moto utaiharibu. Piga kilo moja kwa utaratibu huu, weka chupa moja sehemu yenye nyuzi 40 kwa miezi mitatu na nyingine mezani, uzilinganishe.