Ukihisi una tatizo la haiba, nenda kwa daktari na historia yako

Siku hizi kila mtu ana ugonjwa wa kumbandika mwenzake. Mume mbishi ni nasisisti, yaani mtu wa kujipenda kupita kiasi, dada wa ofisini anayenuna asubuhi na kucheka mchana ni baipola, na mtandaoni kuna majaribio ya kubofyabofya yanayokupa majibu kabla chai haijapoa. Na mimi nilianzia hukohuko. Bila zile video nisingejua kuwa hasira zangu na ule woga wa kuachwa ni mambo ambayo daktari anaweza kuyasikiliza. Ila video haikujui, na tatizo la haiba, yaani ile namna yako ya kuhisi na kuishi na watu inapokutesa miaka na miaka, halipimwi bila mtu kukujua.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayolionyesha. Daktari anauliza, anasikiliza, anauliza tena. Anachokitafuta ni mwenendo wa miaka: unavyojiona, unavyoishi na watu, unavyozibeba hasira na huzuni, tangu ujana au mwanzoni mwa utu uzima, na iwe hivyo nyumbani, kazini na kwa marafiki, si kwa mchumba mmoja tu. Kwa aina inayoitwa bodalaini, ile ya hisia kugeuka haraka na kuogopa kuachwa, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliotoka mwaka 2013 una dalili 9, na mtu anatakiwa awe na 5 au zaidi. Kwa hiyo anayekuandikia jina la ugonjwa huku anaangalia saa, hajamaliza kazi yake. Mimi yalinikuta kwenye hospitali moja hapa Dar. Nikaambiwa ni baipola, nikapewa dawa, nikatoka bila kuulizwa hata nililelewa na nani.

Daktari wa pili ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Hali ikibadilika, inakaa muda gani?"

Nikamweleza ilivyo. Mchumba akichelewa kujibu meseji, kufika saa nane mchana nimeshamchukia, nimefuta namba yake na nimelia chooni kazini. Jioni akipiga, napika huku naimba. Akaandika weee, halafu akanifafanulia: kwenye baipola vipindi huwa virefu, mania, yaani msisimko uliopita kiasi, kwa kawaida huhesabiwa ikiendelea wiki nzima au zaidi, na mtu analala kidogo sana bila kusikia uchovu. Hali zangu zilikuwa za saa chache, na karibu kila mara kulikuwa na mtu aliyeniumiza moyo. Hakuishia hapo. Akaagiza nipimwe homoni za tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikiharibika nayo inavuruga hisia. Akauliza kama nimewahi kuanguka kifafa, kama nanywa pombe, kama kuna jambo baya lililonipata utotoni. Kuhusu pombe na kujikatakata, sema kweli. Ukificha, utatibiwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Kisha akaomba nije na mtu anayenijua tangu mdogo. Nikaenda na dada yangu, ambaye hana haya. "Daktari, huyu akiwa kidato cha pili alichoma madaftari yake yote, eti rafiki yake kahamia kukaa na msichana mwingine." Nilikuwa nimesahau kabisa. Kumbe kwa daktari lile lilikuwa na uzito kuliko kurasa zote nilizojiandikia, maana lilionyesha kuwa mambo haya hayakuja na mchumba. Chagua shahidi wa namna hiyo. Mume uliyegombana naye juzi aje siku nyingine. Atamaliza muda wako akijitetea.

Pa kwenda pasikuchanganye. Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili, omba rufaa. Muhimbili wana idara yake, Bugando na KCMC pia wanatoa huduma hiyo, na Dodoma kuna Mirembe, iliyopo tangu mwaka 1927. Najua, jina la Mirembe kwetu ni matusi, acha wacheke. Walioko Nairobi wana Mathari. Bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anafanya tiba ya mazungumzo. Kwa tatizo la haiba mara nyingi utawahitaji wote wawili, kwa hiyo uliza mapema bima yako inalipia nini, hasa hayo mazungumzo. Sheikh au mchungaji aendelee kukuombea. Dua haijawahi kuzuia kliniki. Ila mawazo ya kujiua yakija, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mshike mtu mkono mwende idara ya dharura usiku huohuo.

Usishangae pia majibu yako yakikosa lile jina ulilolisoma. Mwongozo wa WHO unaoitwa ICD-11, ulioanza kutumika mwaka 2022, unaangalia kwanza tatizo lina ukali kiasi gani: dogo, la wastani au kali. Mimi nilipata bodalaini pamoja na sonona, na tiba ikabadilika. Bodalaini haina dawa yake maalumu. Vidonge ni vya yale yanayoambatana nayo, kama sonona au wasiwasi. Kazi kubwa ni mazungumzo, na mojawapo ya tiba zinazojulikana sana, DBT, inayokufundisha kuzimudu hisia kali, ilibuniwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa hospitali ya akili akiwa msichana. Habari hiyo ilinipa nguvu kuliko vidonge. Na wengi hupata nafuu kadiri miaka inavyokwenda, jambo ambalo hakuna video iliyoniambia.

Nani umwambie, hilo ni lako. Bosi wangu anajua nina kliniki, hajui ya nini. Mchumba anajua yote, na tumekubaliana kwamba tukigombana haruhusiwi kunitajia bodalaini, hata akiwa na haki. Shangazi anaamini naenda kupima presha, na kila nikirudi ananikataza chumvi.